Kitufe Kilichoondolewa

Kwa miaka kumi fundi cherehani aliitetea kampuni moja ya simu kama ya baba yake. Walipoacha kuweka chaja kwenye boksi, alisema wana akili. Walipoondoa kitufe cha mbele, aliwafokea wateja wake: "Kitufe ni ushamba! Hawa wanaona mbali."

Leo alimkabidhi mama yake simu mpya ya kampuni hiyo, palepale kwenye duka lake la kushonea. Macho ya mama yalishaingia ukungu. Simu ya zamani aliijua kwa kupapasa kitufe chake, alichokiita mlango.

Dole gumba lake likateremka juu ya kioo, likazunguka, likarudi, likazunguka tena.

"Baba," akamwuliza mwanawe, "mlango wake uko wapi?"

"Wameuondoa, mama. Unatelezesha tu kidole."

"Kuanzia wapi?"

Mguu wa fundi ukaanza kukanyaga pedeli ya cherehani, na kitambaa hakipo.

"Basi nirudishie ile ya zamani."

"Ile wameikatia huduma."

Dole gumba bado lilikuwa likitafuta. Fundi akatoa kifungo cha shati kwenye kopo, akafungua gundi.

"Fundi," akasema mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake, "huo si ushamba?"

"Nyamaza!" akasema fundi, akakikandamiza kifungo juu ya kioo, upande wa chini kabisa.