Mikono Yenye Nyonyo

Siku hiyo mjinga alikuwa Mugeta, ingawa asubuhi alijiona mjanja kuliko mji mzima. Alishuka basi la kutoka bara na barua ya kazi ya usimamizi katika kiwanda cha korosho, akawakuta akina mama wamekaa chini ya ukuta wa lango, viganja wameviweka wazi magotini, nzi wakitalii nyusoni mwao.

"Ama kweli pwani!" akacheka. "Hata nzi mnangoja ahame mwenyewe?"

"Tumeshapaka mafuta ya nyonyo, kaka," akajibu Bi Somoe, wa kwanza kwenye mstari. "Utomvu wa ganda la korosho unaunguza. Lango likifunguliwa, wanaitwa wenye mikono tayari. Ukijifuta uso, mafuta yanatoka, umeikosa siku."

Mugeta akaenda zake langoni. Mlinzi akaisoma barua mara mbili, akamrudishia. Mwaka huu, akasema, tajiri wa kiwanda kauza karibu korosho zote na maganda yake, ng'ambo. Za kubangua huenda zikabaki magunia machache, huenda zisibaki.

"Ngoja tu," akamwambia.

Nauli ya Mugeta ilikuwa ya kuja, si ya kurudi. Adhuhuri ilimkuta mwisho wa mstari, anapaka nyonyo ya kuombaomba.

"Na mgeni naye mvivu!" akatania mama mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

"Mimi si mvivu!" Mugeta akaja juu. "Mimi nimekwama!"

Bi Somoe hakugeuza hata kiganja.

"Na sisi, mwanangu, ulidhani tumekuja kupunga upepo?"