Fuwele za Dakta

Pigo la kwanza lilimpata Dakta kwenye bega la kushoto. Akayumba, akashika meza, na chupa tupu zikapasuka sakafuni. Hakupiga kelele. Mtu aliyevaa kinyago cheusi cha sufu aliinua tena nondo yake, akampiga mkono uleule, na safari hii mfupa ulisikika ukivunjika.

Fundi wa mitambo ya baridi aliyaona hayo akiwa mlangoni. Hakutakiwa awepo. Ilikuwa Jumamosi mchana, jengo zima la maabara limefungwa, na Dakta mwenyewe alikuwa amemfukuza kwa upole, akamwambia nenda kapumzike kaka, wanao wamekusahau sura. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kupumzika kabla hajaangalia tena kiwango cha heliamu. Kesho kulikuwa na wageni, na bila heliamu ya kuupoza, ule mtambo wa kupimia sumaku ni pipa tu.

Wageni walikuwa wanafuata kichupa kimoja. Ndani yake mlikuwa na fuwele za zambarau, ndogo kama chembe za chumvi, alizozikuza Dakta kwa mikono yake. Katikati ya kila molekuli kuna atomu moja ya kobalti, imebanwa na atomu nyingine pande zote kama mtoto aliyekaa kati ya shangazi zake, na kila molekuli ni sumaku peke yake. Sumaku za namna hiyo zina ugonjwa mmoja: ukizipunguzia baridi kidogo tu, zinasahau zilikoelekezwa. Za Dakta, kwa jinsi alivyotangaza, zilikumbuka hata baridi ilipopunguzwa kiasi ambacho wenzake walikiita ndoto.

Alikuwa amezipima mara moja, peke yake. Kipimo cha pili kilikwama kila siku, mara heliamu imeisha, mara pampu imegoma, na Fundi alijilaumu kwa yote hayo. Alimwamini mama yule kuliko alivyojiamini mwenyewe. Walikuwapo waliosema pembeni kwamba Dakta ni mwongo, na Fundi nusura agombane nao kantini. Kesho zingepimwa mbele ya watu wote, na midomo ingefungwa.

Kwa hiyo alipoona nondo inainuliwa tena hakufikiri, alimrukia yule mtu mgongoni. Masikini, alikuwa na umri wa kuitwa babu, na nguvu zake zilikuwa za babu vilevile. Alitupwa chini, nondo ikamshukia gotini, halafu teke la mbavu likamtoa pumzi yote. Alitema damu na jino.

"Ondoka, Fundi," Dakta alisema. "Nakuomba, nenda zako."

Hakwenda. Angekwenda wapi, na kwa uso gani?

Mtu wa kinyago alielekea moja kwa moja chumba cha mtambo. Mlangoni pa chumba hicho kuna mstari wa njano, na mstari huo hauna mjadala. Sumaku ya mtambo haizimwi, inavuta usiku na mchana, na chuma chochote kitakachovuka hapo kinaruka kama risasi. Hata stuli za humo ndani ni za mbao. Yule mtu alifika mstarini, akalaza nondo chini, akavua saa yake, akaitia kwenye kisanduku cha mbao nyuma ya mlango, ndipo akaingia. Fundi mwenyewe alifanya hivyo kila siku, Dakta vilevile, hata mfagiaji. Alimtazama akifanya na hakuona kioja chochote. Aliona jambo moja tu, kwamba sasa adui hana silaha.

Alifungua mkanda wake wenye bizimu, akautupa, akajivuta kwa viwiko mpaka ndani. Rafuni kulikuwa na vichupa vingi, vyote sawa, na yule mtu alikuwa amekwisha kukitoa kile chenyewe. Alikiweka sakafuni na kuinua mguu akiponde. Fundi akashika stuli, akasimama kwa goti moja, akamshushia kisogoni.

Mtu alianguka kifudifudi. Fundi akapiga tena. Huyu ni mzee aliyekuwa akifukuza panya wa stoo kwa maneno, lakini siku hiyo alikuwa na hasira ambayo hakujua ameiweka wapi miaka yote, na kila aliposhusha stuli aliona mkono wa Dakta unavyovunjwa. Damu ilimrukia usoni, akaifuta kwa kiwiko, akaendelea.

Dakta alikuwa amefika mlangoni, mkono unaning'inia. "Basi!" alilia. "Mwache, Fundi, basi!"

Ama kweli huyu mama ana moyo, Fundi aliwaza, hata aliyemvunja mkono anamhurumia. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Alipiga mpaka mguu wa stuli ukakatika, na mikono ya yule mtu ikaacha kutapatapa.

Kichupa kilikuwa kimebingirika chini ya rafu. Fundi alikifuata kwa magoti, akakifuta kwa shati, akakitazama kwenye mwanga. Hakikuwa na ufa hata mmoja. Machozi yalimtoka kwa furaha, wala hakuona aibu.

"Kizima, Dakta," alisema, akikiinua juu. "Kesho watapima."

Dakta hakukitazama. Alipiga magoti kwenye damu, akapitisha mkono wake mzima chini ya kile kichwa, ambacho bado hakuna aliyekuwa amekivua kinyago, akakipakata.

"Mdogo wangu," alisema. "Nilikwambia uvunje kichupa, uondoke. Si nilikwambia?"