Mgeni wa Kwanza wa Stoo ya Kahawa

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni, mwaka 2025, Frida alikuwa amenaswa ndani ya chumba alichokipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe, ingawa mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli wala komeo.

Nje, kwenye benchi lililoegemea mlango, alikuwa ameketi baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, blanketi limekunjwa magotini.

Watu wa nyumba hii walihamia Nanyala kutoka milima ya Ileje, na mila yao wakahama nayo: mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe, hamsemeshi, wala hamtazami usoni. Tangu aolewe, Frida akisikia kikohozi cha mzee hujibanza nyuma ya nyumba mpaka apite. Lakini stoo ya kahawa haikuwa na mlango wa nyuma.

Alimpigia mumewe, Lusubilo, aliyekuwa na lori Tunduma.

"Baba amekaa mlangoni," alinong'ona. "Tangu asubuhi hajanyanyuka."

"Pita dirishani."

"Dirisha umelitia nondo wewe mwenyewe. Ukasema mgeni asije akaibiwa."

Lusubilo akacheka. "Basi mgeni wa kwanza ni wewe, Mama Tumpale. Kitanda kikoje?"

"Usinitanie. Mgeni anafika mchana huu. Mpigie Baba."

"Nimpigie Baba? Simu yake ile kazi yake ni tochi."

Frida hakuwa na moyo wa kucheka. Mzee hakupenda stoo yake igeuzwe chumba cha kulaza watalii wanaokwenda kutazama kimondo, lile jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani. Mbele ya ukoo mzima alikuwa ametamka: "Nani atakubali kulala palipolala magunia? Asipopatikana mgeni hadi Jumamosi ya katikati ya Juni, kahawa yangu inarudi ndani." Na neno la mzee mbele ya ukoo halirudishwi, hata na yeye mwenyewe. Kibao walichokisimika barabarani, chenye namba ya Frida, alikuwa akikipita kila alasiri akienda kanisani, daftari kwapani, eti kwenye kikao cha wazee kisichokwisha. "Wenye herufi zao wasome," alikuwa akisema.

Siku zilipita bila mtu. Kisha, Alhamisi, ukaingia ujumbe kutoka namba ngeni, kwa herufi kubwa tupu, bila alama ya kuuliza: HARUFU YA KAHAWA IMEISHA HUMO. Frida aliogopa kudanganya. Alijibu kwamba imebaki kidogo.

BASI NAKUJA JUMAMOSI.

Sasa simu ikatetemeka tena mkononi mwake.

NIMEFIKA. NIKO NJE.

Frida alichungulia kati ya nondo. Njia ilikuwa tupu, mibuni imetulia, wala hakuna gari. Alichokiona ni bega la mzee tu. Bila shaka mgeni amesimama kule barabarani, amemwona mzee aliyeziba mlango, na sasa hivi atageuza akatafute pa kulala Mlowo. Jioni magunia yatarudi humu, juu ya sakafu aliyoisugua mpaka magoti yakachubuka.

Akaandika upesi: "Samahani sana mgeni wangu. Nimo ndani, siwezi kutoka. Aliyekaa mlangoni ni baba mkwe wangu na kwa mila yetu siwezi kumpita. Tafadhali mwombe kwa heshima asogee kidogo."

Akatuma.

Nje ya mlango, simu ikalia.

Ikafuata sauti nzito ya mtu anayevuka neno baada ya neno kama anayevuka mto: "Mwo... mbe. Kwa... he-shi-ma. A-so-ge-e."

Benchi likalia. Frida alipochungulia tena, Mzee Ambakisye alikuwa amesimama mbali katikati ya mibuni, amempa mgongo, blanketi kwapani, kichwa kimeinamia kitu kiganjani. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Ndipo ujumbe ukaingia:

AMESOGEA MWANANGU. NIACHIE UFUNGUO MLANGONI.

Wewe uliyeimaliza hadithi hii, msomee jirani ambaye herufi bado zinamkimbia.