Ndoo ya Kutupia Dawa

Binti yangu Jenifa aliifukua insulini yangu kwenye chungu cha mchanga uliolowa maji, friji yangu mimi, akainyanyua juu ya ndoo aliyokuja nayo mchungaji.

"Tupa, binti. Mama ameshapona kwa maombi, dawa ni kukosa imani tu," mchungaji akamwambia.

"Babako naye alipona hivyo hivyo, Jenifa. Tukamzika Hombolo kabla zabibu hazijaiva," nikasema.

Chupa ilitoka jasho la ubaridi.

Nilikasirika, lakini nikatabasamu. Nikamsogelea mchungaji, nikamvua miwani yake minene, nikaitumbukiza ndooni.

"Tangulia kupona wewe, baba. Mimi na sukari yangu tunakufuata."

Mchungaji akainama kupapasa sakafu, ndoo iko mbele yake asiione. Jenifa akamtazama, akaifumbata chupa kiganjani.