Wa Zamani

Fundi alipochomoa waya wa intaneti kwenye kompyuta, mume aliuokota akautia mfukoni, kana kwamba mgoni wake angeweza kutoroka kupitia waya huo.

“Vizuri,” fundi alisema. “Mfumo mkuukuu kama huu ukiuunganisha na mtandao, virusi vinaingia bila hodi.”

Mume aliitikia kwa kichwa, akakaza skafu shingoni. Wivu ulikuwa ukimla tangu Jumatatu, alipomsikia mkewe akimnong'oneza dada yake kwenye simu: “Nikiisikia sauti yake mara moja tu, roho yangu itatulia. Imo kwenye ile kompyuta yetu.” Lisemwalo lipo, alijiambia. Tangu hapo alikuwa amenuna, ingawa nyumba yao ilishazoea ukimya, mwaka wa tisa sasa.

Kompyuta hiyo iliwahi kuwekewa mfumo mpya, nao ukagoma kabisa kufungua rekodi za zamani. Kwa hiyo ni yeye mwenyewe aliyeuhangaikia ule wa mwanzo, si kwa wema, bali apate kumjua mwizi wake. Mtandaoni ulikuwepo wa bure, lakini fundi alikataa katakata.

“Vya bure hivyo, nusu yake mitego. Tafuta diski halisi.”

Basi akazunguka maduka ya vitu vilivyotumika, akiwaonyesha wauzaji kijikaratasi chenye jina la mfumo, mpaka akaipata diski ndani ya kasha lake, namba yake ya usajili haijafutika.

Fundi alinakili kwanza mafaili yote kwenye flashi, akaikagua diski kwa programu ya kusaka virusi, kisha akaanza kazi. Asilimia kwenye skrini zilipanda kwa mwendo wa kobe. Mume hakubanduka.

Zikafika mia. Mke alivaa vipokea sauti, akabonyeza, akafumba macho. Akatabasamu. Mume alilijua tabasamu hilo; zamani lilikuwa lake peke yake, na sasa mwanamume mwingine alikuwa akipewa mbele ya macho yake.

Akamnyang'anya vipokea sauti, akavivaa.

Maji yalikuwa yakimwagika. Mwanamume aliimba kwa sauti nzito, tamu, bila haya, akikosea maneno na kujicheka mwenyewe. Kisha bomba likafungwa, likalia kama panya aliyekanyagwa. Mume aliutambua mlio huo. Bomba hilo alikuwa amelifunga kwa mkono wake asubuhi hiyohiyo. Mtu huyo alikuwa ameoga bafuni kwake.

Alichomoa kalamu, akageuza kijikaratasi na kuandika kwa herufi kubwa: NI NANI HUYU?

Mke alisoma. Akaifungua skafu ya mumewe taratibu, akaweka kidole juu ya kovu la kooni.

“Kumbe hukuwahi kujisikia ukiimba, Baba Watoto,” alisema. “Nilikurekodi pale mlangoni pa bafu, asubuhi ya upasuaji.”