Nyamizi Ashushe Maziwa

Wewe ungemwitaje ng'ombe ambaye jina lake limekatazwa? Kwetu mtambo wa zizini ukisikia jina badala ya namba, unafunga bomba la maji mwezi mzima. Kwa hiyo kiangazi chote tulimwita Arobaini na Mbili, naye akagoma kushusha maziwa, ndama wake akabaki mbavu tupu.

Juzi mvua za kwanza zikajaza mapipa, masufuria, hata beseni la kuogeshea wajukuu. Mume wangu, aliyempa ng'ombe huyo jina la marehemu mama yake, akachuchumaa ubavuni mwake na kibuyu cha kukamulia.

“Baba Limi, mapipa yakiisha je?” nikanong'ona.

“Yakiisha tutajua. Leo tunakunywa ya Mungu.”

Akaugeukia mtambo, akapaza sauti: “Nyamizi! Nyamizi mama, mnyonyeshe mwanao!”