Kumgombea Mama

Lucky aliposema anamtaka kipa, kaka yake Fabian alicheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Zamu ya kwanza kabisa unamwacha mshambuliaji kama Mathew, unachukua kipa?"

"Namtaka Vedastus," Lucky akasema. "Mwaka huu sitaki kufungwa, kaka. Sitaki kabisa."

Mama yao, Anyesi, alikuwa karibu na dirisha akimenya ndizi za supu ya mtori. Kisu kikasimama mkononi. Vedastus lilikuwa jina la marehemu mumewe.

Ligi yenyewe haikuwa na uwanja wala jasho. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya Lucky, na wachezaji wake walikuwa wa kubuni, wamepewa majina ya watu wa Marangu tangu ndugu hao wakiwa sekondari. Kila Krismasi, watoto wote wakishapanda mlimani kurudi nyumbani, walichagua wachezaji kwa zamu, wakapanga vikosi, kisha wakaiacha kompyuta icheze yenyewe. Hakuna kubonyeza wala kupiga shuti. Unakaa unamwomba Mungu tu. Dada yao Gladness, aliyeolewa Kahe, ndiye aliyekuwa msimamizi na mtoa tuzo, na kazi hiyo aliifanya kwa uzito uliomshangaza hata mumewe.

Miaka mingine walicheza kwa kelele na kutaniana. Mwaka huu, baada ya kicheko kile cha Fabian, nyumba ilikuwa kimya, na Anyesi aliamini anajua sababu.

Mwezi Oktoba alianguka kwenye migomba, akalala pale hadi jirani yake Kornelia alipomkuta. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Halafu mkesha wa Krismasi, akiwa nyuma ya jiko, aliwasikia wanawe wakizungumza.

"Tumebishana vya kutosha," Fabian alisema. "Mpira uamue mama aende kwa nani."

"Mechi moja," Lucky akajibu. "Na ikishaisha, hakuna kurudi nyuma."

Anyesi aligeuza ndoo, akaikalia, akalia. Kilikuwa kilio kitamu. Wapo wazee wengi huku mlimani ambao watoto wao hata simu hawapigi, na yeye wanawe wawili wanamgombea mpaka inabidi waamuliwe na mashine. Siku ile alijiona tajiri.

Fabian aliishi Dar na mkewe Violet, na alikuwa mtoto mwema. Lakini moyo wa Anyesi ulikuwa kwa Lucky, kule Arusha. Huku kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi, na huyu alilala kitandani kwa mama yake mpaka alipoanza shule. Kwenye misa ya Krismasi, Anyesi aliomba jambo moja tu. Aliona aibu kidogo kumsumbua Mtoto Yesu kwa habari za mpira, lakini akaomba: Lucky ashinde.

Mechi ikaanza baada ya chakula, siku iliyofuata Krismasi. Walikusanyika sebuleni, na Anyesi akasogezewa kiti mbele, ingawa alichoona ni vijitu vidogo vikikimbia huku na huko. Alielewa zaidi kwa kuwatazama wanawe.

Mathew wa Fabian aligonga mwamba. Lucky akaziba macho. Mathew akabaki peke yake na kipa, Vedastus akautoa mpira kwa mguu. Mathew akapewa penalti, na hapo Lucky akashuka kwenye kochi akapiga magoti, mtu mzima mwenye ndevu zake.

"Vedastus ameokoa," Gladness akatangaza.

Anyesi hakuwahi kumwona mwanawe akilitaka jambo kiasi kile. Hata mchumba wake hakumhangaikia hivyo.

Kisha, mwisho mwisho kabisa, ikapigwa kona, na beki mmoja wa Lucky ambaye hakuna aliyemtarajia, Ambrosi, akauweka mpira wavuni kwa kichwa. Kipenga kikalia. Lucky alijifunika uso kwa mikono. Fabian alibaki ameinama. Violet akainuka, akatoka nje.

Anyesi alimwonea Fabian huruma. Lakini furaha ilimshinda, akapiga vigelegele mpaka Kornelia akaitikia kutoka ng'ambo ya mfereji.

Gladness akatoa tuzo upesi upesi, kama mwenye safari. Mchezaji Bora wa Msimu: kipa Vedastus. Alikuwa ameikata medali kwenye karatasi ya dhahabu iliyofungia zawadi, na kwa kuwa mshindi hakuwapo, akaitundika kwenye picha ya baba yao ukutani. Wote wakasimama. Anyesi akaitazama picha ile akamwambia mumewe moyoni: unaona, baba watoto, hatukuzaa bure.

Alipokaa tena, aliushika mkono wa Lucky, akauweka mapajani pake.

"Haya mwanangu," akasema, "tunaondoka lini? Mimi nguo nimeshapanga."

Lucky alimtazama dada yake, na Gladness akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Fabian ndiye aliyekuja kuchuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, utakwenda na mimi," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyefungwa."